Karakana ya Mzee wa Redio, kwa wenye ndege ndogo ambazo joto la injini linapanda rubani akiongea

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimemnyima kwa sababu ya "kesho asubuhi" mbili mfululizo, nitazieleza huko chini.

Narusha Cessna 206 ya kampuni ndogo ya Dar es Salaam. Viti sita, injini moja ya Continental, silinda sita. Kazi yetu kubwa ni visiwa vya Mafia na Songo Songo, mara mojamoja Kilwa: watalii wanaofuata potwe, yule papa mkubwa, watu wa gesi, na wakati mwingine mgonjwa anayewahishwa Muhimbili. Kwenye paneli tuna redio mbili na kipimo cha injini cha kidijitali, aina ile inayoonyesha joto la kila silinda kwa mistari sita iliyosimama kama vidole. Bosi alikifunga badala ya geji ya zamani iliyokuwa inasoma silinda moja tu na kutuachia tubahatishe tano zilizobaki. Kikomo cha joto la kichwa cha silinda kwa injini hii ni nyuzi 238 za Selsiasi. Mimi nikiona 205 tayari nimeshashusha pua kidogo ndege ipate hewa.

Masika ya mwaka jana nilikuwa nimevuka delta ya Rufiji, maji ya kahawia yanaisha na ya kijani yanaanza, nikabonyeza kitufe kutaja nafasi yangu. Silinda ya tano na ya sita zikaruka kutoka 190 mpaka 251. Mistari ikawa myekundu, taa ya tahadhari ikawaka. Nikaachia kitufe. Zikarudi 190, kimya. Abiria wa kiti cha mbele akanigeukia, nikamtabasamia. Marubani tunalo tabasamu la akiba kwa mambo kama hayo.

Kichwa cha silinda ni pande la aluminiamu. Hakiwezi kupata moto nyuzi sitini kwa sekunde moja na kupoa kwa sekunde inayofuata. Kwa hiyo nilijua injini haina neno, kinachodanganya ni kipimo. Kwa nini kinadanganya ndipo fedha zilipoanza kututoka.

Karakana ya kwanza siitaji jina. Nilieleza nilichoona, fundi akanisikiliza nusu, akasema, "Sensa hizo, Kapteni." Sensa mbili mpya na ufundi, 760,000. Nikaruka nazo, nikabonyeza kitufe, 249. Tukarudi. Sasa ikawa "kifaa chenyewe kimekufa." Kikang'olewa, kikasafirishwa kwenda kupimwa, tukakaa wiki tatu tunatumia geji ya zamani, kikarudi na karatasi inayosema ni kizima. Hapo 600,000 nyingine. Mara ya tatu fundi alinipa ushauri wa bure, na ndio uliotugharimu kuliko vyote: "Ukiwa unaongea, usikiangalie."

Nikaufuata. Ndani ya wiki chache nilikuwa nimezoea kuona mistari myekundu kama unavyozoea jirani mwenye mbwa anayebweka. Halafu siku moja natoka Songo Songo, ndege imejaa, jua la saa nane, napanda, mstari wa tatu ukawa mwekundu. Niliutazama tu. Zikapita sekunde kama kumi ndipo nikakumbuka kwamba sijabonyeza kitufe chochote, na silinda ya tatu haijawahi kuruka. Nilikuwa nimesahau kufungua vile vimilango vya kupoozea injini chini ya pua. Kosa ni langu, nimelikiri kwa bosi. Ila kipimo kilikuwa kimesema kweli na mimi nikakichukulia kama mzushi, kwa kuwa tulikuwa tumekizoesha uzushi kwa miezi miwili. Jioni ile ile nilimpigia simu rubani mwenzangu wa siku nyingi. Akanipa namba ya Mzee.

Karakana ya Mzee iko bara, saa mbili kwa 206 kutoka Dar. Usitegemee kibao. Ni hangari la mabati la kuchangia, pembeni kuna kontena lililokatwa dirisha, ndani meza moja, stuli mbili na harufu ya risasi ya kulehemu. Mzee mwenyewe ana mvi kichwa kizima na miwani aliyoifunga kamba ya viatu. Nikamwamkia, akaitikia "Marahaba, mwanangu," na kabla hata sijakaa akaanza maswali.

Redio ya kwanza au ya pili? Sikujua. Miezi miwili yote sijawahi kujaribu ya pili. Ukibonyeza bila kusema kitu, inaruka? Sikujua. Geji ya mafuta ya tangi nayo inacheza? Hapo nikakumbuka kwamba ya kushoto huwa inashuka kidogo, ila nilidhani ni ndege kuinama. Inaruka sawa kwenye masafa yote? Sikujua. Akanitazama juu ya miwani kama mwalimu wa hesabu, akanipa kaunta buku na kalamu, akasema, "Nenda kakae kwenye ndege. Injini usiwashe. Nitapiga simu mnara watupe dakika tano kwenye masafa yasiyo na mtu. Uniandikie kila namba."

Hilo tu kwangu lilikuwa nyota mbili. Fundi wa kwanza alikuwa na kipimo cha umeme cha laki kadhaa na hakuuliza hata swali moja.

Majibu yalitoka hivi. Injini baridi, kila silinda inasoma 31, joto la hangari. Redio ya pili: hakuna kinachocheza. Redio ya kwanza kwenye megahezi 118 na kitu: namba 5 na 6 zinakwenda 58. Kwenye 126: zinakwenda 88. Nikibonyeza na kunyamaza kimya, zinabaki juu vile vile. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Redio za ndege zinatumia mtindo wa AM, alinieleza, wimbi linatoka lote mara tu ukibonyeza, sauti yako inapanda juu yake baadaye. Kwa hiyo kipaza sauti na nyaya zake hawana hatia, tusiwasumbue.

Kisha akanichorea kwenye gamba la boksi la sensa. Sensa ya joto ni nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani. Ncha ikipata moto, nyaya zinatoa umeme mdogo sana, kama mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja. Nyuzi sitini za uongo ni milivolti mbili na nusu basi. Upande wa pili redio inasukuma wati 10, na kwenye kebo ya omu 50 hizo ni volti kama 22. "Ni sawa na daktari anayesikiliza mapigo ya moyo kwenye ngoma ya singeli," akasema, na kijana wake wa kazi aliyekuwa anamenya waya akacheka mpaka akajikata kidole.

Nikamuuliza: umeme wa redio unakwenda na kurudi mara milioni mia na zaidi kwa sekunde, kipimo cha joto kinausomaje? Akasema hakiusomi. Ila ukiingia kwa wingi kwenye ile amplifaya ndogo ya ndani, inayokuza umeme mdogo wa sensa, amplifaya inashindwa kuufuata, inaugeuza kuwa umeme wa upande mmoja, na huo sasa kipimo kinauona kama joto. Kwa nini 5 na 6 tu? Kwa sababu Continental wanahesabu silinda kutoka nyuma. 5 na 6 ziko mbele kabisa karibu na propela, waya wake ndio mrefu kuliko zote. Akaupima kwa futikamba: mita mbili na nusu kasoro. Wimbi la redio ya ndege, kati ya megahezi 118 na 137, lina urefu wa mita 2.2 mpaka 2.5. Bosi alikuwa amefunga antena ya pili bila kujua.

Siku ya kwanza ikaishia hapo. "Kesho asubuhi tunafungua," akasema. Kesho asubuhi hakuja. Alikuja saa tisa alasiri, alikuwa msibani, na pole nilimpa kwa moyo, lakini kijana wake alijua tangu usiku na hakuniambia. Niliwekeana ahadi na abiria wa Mafia, nikawapa ndege ya watu wengine.

Siku iliyofuata ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Mzee ana kikopo cha chuma chenye mapezi, ukubwa wa mkebe wa maziwa. Ukikiunganisha na redio badala ya antena, kinameza nguvu yote na kuigeuza joto, hakuna kinachotoka hewani. Akakifunga kwanza nyuma ya redio kabisa. Nikabonyeza: 31, haikucheza. Maana yake uchafu haupitii kwenye nyaya za betri wala haumwagiki kutoka kwenye redio yenyewe. Akakihamisha, akakifunga upande wa juu wa kebo, pale antena inapokaa. Nikabonyeza: 44. "Umeona?" Antena haipo, lakini kebo yenyewe inavuja njiani. Akairudisha antena na kuweka katikati kipimo chake cha wati, cha mshale, cha zamani kweli: wati 9 zinakwenda, 4 zinarudi. Karibu nusu ya nguvu ilikuwa inagonga antena na kurudi chini kwa miguu.

Akapanda ngazi na bisibisi. Antena ya redio ya kwanza iko juu ya paa, nyuma kidogo ya bawa. Skrubu nne. Ya tatu ilikatika kichwa, akanung'unika neno ambalo silirudii. Alipoinyanyua antena, chini yake kulikuwa na unga mweupe, mkavu, kama sembe iliyomwagika: kutu ya aluminiamu. Chumvi ya bahari. Ndege yetu inalala Dar na kuamka Mafia, upepo wa chumvi asubuhi na jioni. Na chini ya unga, rangi. Aliyepaka ndege rangi zamani alipaka mpaka pale ambapo kitako cha antena kinatakiwa kushika chuma kitupu. Kwa hiyo antena haikuwa na bodi. Kuna kitu wenye magari wataelewa mara moja: taa isiyoshika bodi vizuri inatafuta njia nyingine, utaona indiketa inawaka ukikanyaga breki. Antena nayo ni hivyo hivyo. Nusu yake ya pili ni paa la ndege. Ukiinyima paa, umeme unashuka kwa nje ya wavu wa kebo, zile nyuzi zinazouzunguka waya wa katikati, unaingia nao ndani ya ndege.

Akanipa ile kebo niishike. Ilikuwa ya aina ya RG-58 ya tangu enzi, wavu mmoja tu, na kwenye kiungio cha juu nyuzi za wavu zilikuwa zimebaki labda nane, nyingine zimekatika na kuwa nyeusi. Ukiipinda unasikia inakwaruza ndani kama njugu. Kisha tukaifuata kwa tochi, kutoka paa, kwenye nguzo ya mlango, mpaka nyuma ya paneli. Hapo kijana akasema, "Mama Kapteni, njoo uone." Kebo ya antena na nyaya za sensa za silinda zilikuwa zimefungwa pamoja kwa vibanio vya plastiki, bega kwa bega, urefu wa karibu mita moja. Kazi nadhifu, yenye vibanio kila inchi tatu. Aliyefunga kipimo alipenda usafi.

Mzee akaniambia nibonyeze tena huku yeye ameingiza mkono nyuma ya paneli na kuushika ule mganda wa nyaya. Kwenye skrini 88 ikawa 71. Akaachia, 88. Akashika, 71. Nikacheka peke yangu kama mtoto. Miezi miwili na milioni moja na zaidi, na ugonjwa unapungua kwa kushikwa mkono.

Kitu kingine alichokikuta njiani: kwenye silinda ya tano karakana ya kwanza iliunga waya wa sensa kwa kipande cha waya wa kawaida wa shaba. Hairuhusiwi. Metali zile mbili lazima ziendelee zenyewe mpaka kwenye kifaa. Ukichomeka shaba katikati, upande mmoja uko kwenye joto la injini na mwingine kwenye ubaridi, unapoteza zile nyuzi za tofauti. Kwa hiyo silinda yangu ya tano ilikuwa inasoma chini kuliko ukweli muda wote nikiwa kimya, na juu kuliko ukweli nikiongea. Hapo sikucheka.

Marekebisho hayakuwa na uchawi. Alisugua chini ya antena mpaka chuma kikang'aa, akapaka ile dawa ya rangi ya dhahabu inayozuia kutu lakini inapitisha umeme, akarudisha antena na skrubu mpya na kuziba pembeni kwa silanti ili chumvi isiingie. Kebo mpya ni RG-400, ina wavu mara mbili wenye madini ya fedha, akaipitisha upande wa pili wa ndege mbali na nyaya za sensa, na mahali zinapolazimika kukutana akazipitisha kwa msalaba. Nyaya za sensa akazirudishia waya wa aina yake. Mwisho kabisa akavisha vipete viwili vya feraiti, vile vyeusi vya kuzuia umeme wa redio kama unavyoviona kwenye waya wa kompyuta, karibu na kifaa. Nilimuuliza kwa nini hakuanza navyo, maana wengi wangeanza navyo. Akasema vingeshusha 88 mpaka 50, nami ningemlipa na kuondoka nimefurahi na antena mbovu.

Vipete hivyo ndivyo vilivyoleta "kesho asubuhi" ya pili. Hakuwa navyo. Vilikuja kwa basi, basi likachelewa, nikalala usiku wa tatu gesti yenye feni inayogonga. Karakana inayofanya kazi ya redio kukosa feraiti ni kama muuza chapati kukosa unga. Nimemwambia usoni, akakubali.

Tulipopima tena: wati 9 zinakwenda, sehemu mbili za kumi za wati zinarudi. 31 ikabaki 31 kwenye masafa yote niliyojaribu. Akaandika kazi yote kwenye logbuku kwa mwandiko unaosomeka, kebo imepita wapi, kiungio cha aina gani, akasaini na namba ya leseni yake. Karakana ya kwanza waliandika "sensa zimebadilishwa, sawa."

Bei: 1,150,000 jumla, kebo, viungio, dawa, vipete na ufundi wa siku mbili. Risiti nilisubiri wiki nzima, ikaja kwa picha ya simu iliyopigwa kwenye kivuli. Bosi alilalamikia risiti kuliko bei.

Nimesharuka nayo mwezi na nusu sasa. Juu ya Rufiji, kwenye 190, nikibonyeza naona 191, na hata hiyo moja sina hakika kama ni redio au ni hewa. Geji ya mafuta ya kushoto imetulia. Mnara wa Dar nao wananiambia sauti yangu imekuwa safi, jambo ambalo sikuwa nimelilalamikia, wala sikujua kwamba kwa muda wote ule nilikuwa nawaunguruma masikioni.

Mkienda, pigeni simu mara mbili, siku moja kabla na asubuhi ya safari. Bebeni chakula, hapo jirani kuna mama lishe mmoja tu na saa saba ubwabwa umeisha. Jaribuni redio zote mbili kabla hamjaondoka kwenu na muandike namba, mtaokoa nusu siku. Na kama mnaye anayepita upande huo wiki hii anijulishe: miwani ya Mzee, ile ya kamba ya viatu, niliikuta kwenye mfuko wa nyuma ya kiti changu nilipotua Kilindoni, Mafia, na kila nikimpigia anasema nisijisumbue, kisha anamwomba kijana amsomee kilichoandikwa kwenye simu.